Kichwa cha Nani?

Mwalimu Anselme tulimzika Jumanne, na kama ilivyo kawaida ya marehemu wote, alikuwa ameshageuka mtu mwema tangu Jumapili. Kutoka makaburini tulirudi nyumbani kwake Kicukiro kwa gukaraba, desturi yetu ya kunawa mikono baada ya mazishi na kukaa kidogo na wafiwa. Mabeseni yalipangwa penye geti, hema la kukodi lilifungwa juu ya maua ya mjane, na Fanta zilikuwa zimeanza kupata joto. Walikuwepo wageni wa Bukavu na wengine wa Dar es Salaam, watu ambao Kinyarwanda cha hotuba hawakielewi. Kwa hiyo hata kabla sijanawa, mtoto mkubwa wa marehemu akanijia, akainama kwa adabu, akasema, "Tantine Espe, utusaidie. Mimi nitaongea Kinyarwanda, wewe uwapatie Kiswahili." Nikakubali. Ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, kuyatoa maneno kwenye mdomo wa mtu mmoja na kuyapeleka kwenye sikio la mwingine, na watu huniamini kwa sababu Kiswahili nilikulia nacho Buyenzi, kule Bujumbura, sikukisomea darasani. Nilipogeuka na maikrofoni mkononi, nikamwona Odette ameketi mstari wa pili. Zaidi ya miaka ishirini na mitano nilikuwa nimemkwepa. Alikuwa amenenepa vizuri, amejifunga kitenge cha bei, na mabega yake bado yalikuwa mapana kama ya mtu anayepiga kasia kila asubuhi. Alinitazama bila kutabasamu.

Habari za wazazi wangu na namna tulivyorudi Rwanda siziandiki hapa, hazisaidii chochote. Mwaka nilipomjua Odette nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na nilijiona mwenye akili kuliko watu wote kati ya Kimisagara na mto Nyabarongo. Kwa wale niliofanya nao kazi mwaka ule, sidhani kama nilikosea sana. Walikuwa wanaume wazima wachache walioamua kwamba nchi yetu ya milima elfu, yenye mto wa rangi ya chai ya maziwa, itaandaa mashindano ya slalomu ya mitumbwi. Mchezo wenyewe mtu yeyote anauelewa, isipokuwa mwenyekiti wa chama chetu. Mahali ambapo mto umebanwa na mawe, nyaya zinavutwa kutoka ukingo hadi ukingo, na juu ya maji zinaning'inizwa fito mbilimbili. Kila fito mbili ni mlango. Mlango wa kijani unaupita ukifuata maji, mlango mwekundu unaupita ukirudi dhidi ya maji. Ukigusa ufito unaongezewa sekunde mbili. Ukikosa mlango unaongezewa sekunde hamsini, na mtu aliyepewa hamsini anaweza kwenda kubadilisha nguo. Kila mlango una mwamuzi wake, na ndipo matatizo yalipoanzia, maana waamuzi ilibidi watafutwe hapa hapa.

Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya juu ya jengo moja Kimisagara. Chini yetu palikuwa na mafundi wa kuchomelea vyuma, na upande wa pili wa ukuta wa mbao vijana walijifunza karate, kwa hiyo kila sentensi ya Mwalimu Anselme ilisindikizwa na kelele za watu wanaojifanya wanauana. Kulikuwa na meza moja, benchi tatu, kabati lenye kufuli, na dirisha lililotazama mabati ya bondeni. Saa nne asubuhi ililetwa chai ya maziwa kwenye chupa kubwa pamoja na chapati zilizofungwa kwenye gazeti. Nitawapa haki yao, walikuwa wanajua kula. Mwalimu Anselme alikuwa mwamuzi mkuu kwa sababu alikuwa na miwani na alijua Kifaransa. Msaidizi wake alikuwa Bonifasi, aliyekulia Mwanza, mwenye cheti cha kuamua mpira wa wavu, na Kiswahili cha "kwa mujibu wa" kilichomfanya aonekane ana jambo la kusema. Hakuna aliyewahi kuketi ndani ya kayaki, ule mtumbwi wenyewe wa mchezo. Wala mimi sikuwahi, ila mimi sikujiita mwamuzi.

Mafunzo yalifanyika uani, mahali pakavu. Walining'iniza fito mbili za bomba la maji kwenye kamba, wakazipaka rangi, kisha Bonifasi akatoboa kitako cha beseni kubwa la bluu, akalivaa kiunoni kwa mikanda ya suruali, akashika ufagio kama kasia. Akawa anapita mlangoni, mara anagusa ufito kwa bega, mara anapita nje, nasi kwenye benchi tunainua vibao vya mbili na hamsini. Mafundi wa kuchomelea walizima mashine zao waje waone. Hakuna mwamuzi aliyecheka, walikuwa na kalamu mifukoni. Nilicheka mimi, Mwalimu akaniambia, "Espe, iko kazi hii, si sinema." Wiki tatu tulifunzwa hivyo, na katika wiki tatu zote lilikuwepo jambo moja ambalo hakuna aliyeliona, mimi nikiwemo: beseni ni la mviringo, halina mbele wala nyuma.

Kazi yangu ilikuwa kuzitafsiri kanuni. Zilikuja kwa Kifaransa, na kwa kuwa waamuzi walitoka kila upande, huyu Kampala, yule Goma, mwingine Kigoma, lugha pekee waliyoielewa wote ilikuwa Kiswahili. Nilifanya kazi safi. Kanuni kuu niliiandika hivi: kichwa chote cha mchezaji na sehemu ya mtumbwi vipite kati ya fito mbili. Nikampelekea Mwalimu kurasa mbili. Hakuzisoma, alizipima kwa vidole kama mtu anayenunua kitambaa. "Hii karatasi iko na maneno mingi," akasema. "Mwamuzi iko anasimama juu ya mawe, upepo iko inapiga. Karatasi moja, Espe. Punguza." Akaniambia pia kwamba mashindano yakiisha vizuri, chama kitahitaji katibu wa kudumu, na kwamba ameshaona kiti kizuri cha ofisi, cha magurudumu. Nikarudi mezani nikapunguza. Nilikata hapa neno, pale neno, mpaka ikabaki mistari miwili ya ziada. Nikaitazama ile kanuni kuu na kujiambia, kichwa ni cha nani kama si cha mchezaji? Mtu gani hajui? Nikafuta "cha mchezaji". Ikabaki: kichwa chote na sehemu ya mtumbwi vipite kati ya fito mbili. Ukurasa ukatosha, Mwalimu akapiga muhuri, na karatasi ya Kifaransa nikaikunja nikaitia kwenye mkoba wangu.

Odette, mmoja wa wachezaji, alikuja chumbani mara moja tu, nilipokuwa bado natafsiri, siku ya mvua kubwa, akimsubiri kocha wake. Mama yake aliuza dodo na vitunguu barabarani, na yeye asubuhi alimsaidia kubeba vikapu kabla ya kwenda mtoni. Nilimpa chapati kwa ule ukarimu unaompa mtu raha ya kujiona mkarimu. Akala polepole, amesimama kando ya meza yangu, anatazama karatasi zilizotandazwa, zile za Kifaransa na zangu za Kiswahili. Nilidhani anatazama michoro ya milango. Nikamwambia, kwa sauti ya dada mkubwa, "Hizo ni sheria za mchezo wenu." Akasema, "Asante, dada," akapangusa vidole, akaondoka mvua ilipopungua. Wote tulijua namna yake ya kupita milango myekundu. Wengine waliuzungusha mtumbwi mzima hadi uingie, yeye aliiacha pua ya mtumbwi ipite nje ya ufito, akajilaza ubavu, kichwa chake na tumbo la mtumbwi vikapita ndani, akaokoa muda ambao wenzake walimwaga. Kanuni iliruhusu. Kwa vijana wa mtoni, ile pua iliitwa kichwa. "Geuza kichwa!" walipiga kelele mchana kutwa. Nami nilikuwa nikiwasikia mchana kutwa.

Siku chache kabla ya mashindano nilikuwa nakula kiazi kitamu dirishani, karate imepumzika, nikawasikia Mwalimu na Bonifasi wakila maharage upande wa pili wa mbao. "Yule Odette, umeona?" akasema Mwalimu. "Mtumbwi iko inje, anaingiza kichwa yake tu, kama mwizi wa kuku anachungulia." Bonifasi akatafuna kwanza. "Ni ujanja ujanja, Mwalimu. Kwa mujibu wa michezo, ujanja si nidhamu." "Donc iko kosa?" "Lazima liwe kosa. Jambo baya namna ile haliwezi kuwa halali." Hivyo ndivyo walivyofasiri sheria, kwa macho na shibe. Ningeweza kugonga ukuta nikawaambia kwamba kanuni inasema vingine. Nilimaliza kiazi changu. Niliuona ni upumbavu wa kila siku ambao ungepita wenyewe, na sikuwa tayari kuutia adabu bure.

Mashindano yalikuwa Jumamosi, mwendo wa saa mbili kutoka mjini. Tuzo ilikuwa moja: msichana atakayeshinda angepelekwa Ufaransa kwa mwaka mzima wa mafunzo, na Odette alikuwa ameshapiga picha za pasipoti. Mimi niliwekwa mlango wa kumi na moja, mwekundu, niwe mwandishi wa Bonifasi. Tuliketi juu ya jiwe, suruali yake imekunjwa hadi magotini. Odette alifika akiwa ametangulia wenzake wote kwa muda. Aligeuza mtumbwi chini ya ufito wa kushoto, pua ikapita nje, akajilaza, na kichwa chake kikapita kati ya fito, sikio kwa sikio, na tumbo la mtumbwi chini yake. Ufito haukutikisika. Bonifasi akainua kibao cha hamsini.

"Kaka Boni, amepita," nikasema.

"Kichwa hakikupita."

"Nimekiona. Na masikio yote mawili."

"Kichwa cha mtumbwi, dada yangu." Akatoa karatasi mfukoni, akanikunjulia. "Soma mwenyewe. Kichwa chote na sehemu ya mtumbwi. Ya mtumbwi."

Nikaisoma karatasi yangu mwenyewe kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha ya waliofeli. Kisha nikaandika hamsini kwa mwandiko wangu mzuri. Kwa hamsini hiyo Odette akawa wa mwisho.

Kamati ilikutana chini ya turubai, karibu na masufuria, maana wapishi walikuwa wameshaanza kufunua. Kocha wa Odette, mtu wa Uvira aliyekuwa na sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa, alisimama mbele yao. "Ni kichwa ya mutu!" akasema. "Mutu! Mutumbu iko na kichwa wapi, iko na ubongo?" Mwalimu akamwonyesha karatasi yenye muhuri. Kocha akauliza swali ambalo hadi leo naona ndilo pekee la akili lililoulizwa mwaka ule wote: "Kama kichwa ni ya mutumbu, basi ile sehemu ingine ya mutumbu ni gani? Mara mbili ya nini?" Hakuna aliyemjibu, kwa sababu hakuna aliyemwelewa. Akaomba iletwe ya Kifaransa. Mwalimu akasema iko kabatini Kigali, na ufunguo uko Kigali. Kocha akasoma mstari wa mwisho wa karatasi, unaosema kwamba pakiwa na shaka, mchezaji ndiye apewe faida. Mwalimu akavua miwani, akawatazama waamuzi mmoja mmoja. "Iko nani hapa ana shaka?" Hakuna. Mjinga hana shaka, ndiyo starehe yake.

Halafu akanigeukia mimi. "Tuulize mwenye kuandika. Espe, sema. Kichwa ya nani?"

Ya Kifaransa haikuwa kabatini. Ilikuwa kwenye mkoba wangu, mkoba ulikuwa kati ya magoti yangu. Odette alisimama nyuma ya kamba, kofia ngumu ya plastiki mkononi, maji yanamchuruzika, ananitazama. Ilinitosha kusema maneno mawili. Lakini nikiyasema ningeulizwa yalikwenda wapi, na ningelazimika kusema kwamba niliyakata mimi ili ukurasa utoshe, na Jumatatu kiti cha magurudumu kingekaliwa na mtu mwingine. Nikasema, "Ni kama ilivyoandikwa, Mwalimu." Akafurahi sana. Akarudia, "Voilà. Kama ilivyoandikwa." Kisha akasema, "Sasa tupige kula," kwa ule ulimi wetu wa Kigali usiotofautisha kura na kula. Bonifasi akainua mkono. Wengine waliinuka wote kwa pamoja wakaenda kwenye masufuria. Kwenye muhtasari niliambiwa niandike kwamba wote waliafiki, nami nikaandika.

Nimejaribu miaka mingi kumchukia Mwalimu Anselme inavyostahili, na kinachonikwaza ni kwamba hakupata chochote. Msichana aliyeshinda hakuwa ndugu yake wala wa rafiki yake. Angekuwa amekula rushwa ningemheshimu kidogo, mla rushwa angalau anajua anachokiuza. Yeye alikuwa mtu wa kupenda muhuri wake, basi. Bonifasi alirudi Mwanza na cheti cha pili. Yule msichana alikwenda Ufaransa, akarudi na jaketi, akakuta chama kimekufa, na kayaki mbili zimekatwa ziwe vihori vya kunyweshea ng'ombe. Mimi nilipata kiti. Nilikaa juu yake miezi minane, nikijizungusha kutoka mezani hadi dirishani, na gurudumu lake moja lilikuwa bovu, kikawa kinavuta upande. Odette aliolewa, akafungua kibanda cha vitenge Kimironko, na kwa sababu hiyo mimi vitenge vyangu vyote nimenunua mjini, kwa bei ya juu, kwa wauzaji wasionijua. Nimewadharau wale wanaume kwa muda mrefu sana, na dharau ni kazi ya raha: ukiwa unaifanya, hakuna anayekuuliza wewe ulikuwa wapi.

Basi Jumanne, chini ya hema, mtoto wa marehemu akaanza kusema. Alisema baba yake alikuwa mwalimu mzuri, nikatafsiri. Alisema alipenda michezo, nikatafsiri. Kisha akasema: "Siku moja, mtoni, msichana alikosa mlango. Alilia, kocha wake akalia, watu wote wakamwomba Papa amhurumie. Papa akakataa. Akasema, sheria ni kama ilivyoandikwa. Hayo ndiyo maneno aliyotulea nayo. Hata sisi tukikosa nyumbani, alituambia hivyo: kama ilivyoandikwa." Wenye Kinyarwanda wakapiga makofi. Wageni wa Bukavu na wa Dar wakanigeukia, wanangoja. Odette alikuwa ameweka mikono mapajani. Hakuwahi kulia siku ile, nilikuwepo, uso wake ulikuwa na maji ya mto tu. Nikainua maikrofoni. Nikatafsiri vizuri sana, neno kwa neno, sikupunguza hata moja. Nao wakapiga makofi.

Ilipokwisha nikakumbuka kwamba sijanawa. Nikaenda penye geti. Odette alikuwa pale, ameshika jagi, anawamiminia maji waliochelewa. Nikakinga mikono juu ya beseni.

"Mama Kevin," nikasema, maana ndivyo walivyomwita sasa.

"Niite Odette tu. Tunajuana."

"Odette, ile karatasi ya siku ile. Ile ya Kifaransa..."

"Niliisoma," akasema. Akamimina kidogo. "Ile siku ya mvua, juu ya meza yako. Toute la tête du compétiteur. Cha mchezaji." Alikitamka Kifaransa vizuri kuliko Mwalimu Anselme, vizuri kuliko mimi. "Nilisoma kwa masista, kule Bukavu. Haukuniuliza."

Nikasema la kipumbavu. "Kwa nini hukuwaambia?"

"Mchezaji haruhusiwi kuongea mbele ya kamati. Si wewe ulitafsiri hiyo kanuni?" Alisema bila hasira, kama anamkumbusha mteja bei. "Niliona mkoba wako katikati ya magoti. Nikajisemea, Espe iko nayo. Espe atasema. Nikangoja."

Maji yakaisha kwenye jagi. Akalitikisa, akaliweka chini, akanipa kitambaa nijifute.

"Na leo pia," akasema, "ulipokamata hiyo maikrofoni, nilikungoja."

Akaenda kujaza jagi, na mimi nikabaki na kitambaa chake mkononi. Nimekuja nacho nyumbani, kiko hapa mezani. Kanuni ilisema hivi: kichwa chote cha mchezaji na sehemu ya mtumbwi vipite kati ya fito mbili. Odette alipita.